Kuzomea na Kunyamazisha: Historia ya Kura ya Kushusha Maoni Mtandaoni

Kura ya kushusha ni alama ambayo msomaji wa tovuti huiweka kwenye maoni ya mwenzake, aghalabu kwa kubonyeza mshale unaoelekea chini au dole gumba lililopinduliwa, ili kuonyesha kwamba maoni hayo hayakumridhisha. Kwa sura yake ya nje alama hiyo haitofautiani na zomeazomea ya mkutano wa hadhara, ambayo tangu zamani imekuwa njia ya umma ya kumjibu msemaji bila kupanda jukwaani. Lakini katika tovuti nyingi kubwa alama hiyo hufanya na kazi ya pili, ambayo mzomeaji wa uwanjani hakuwa na uwezo nayo: kura zikifika idadi fulani, programu huyakunja maoni yaliyoshushwa, huyafifisha maandishi yake, au huyasukuma hadi mwisho wa ukurasa ambako wasomaji wachache hufika. Kuzomea ni kusema, na kwa hiyo kumo ndani ya uhuru wa maoni. Kuficha ni kumwondolea mtu wasikilizaji wake, na hilo ni jambo jingine kabisa. Historia ya kura ya kushusha, kwa kiini chake, ni historia ya namna vitendo hivyo viwili vilivyofungwa katika kitufe kimoja, na ya watu waliojaribu kuvitenganisha.

Sheria za nchi hazisaidii sana kulipima jambo hili. Rekebisho la Kwanza la Katiba ya Marekani, lililoidhinishwa mwaka 1791, huizuia serikali kuwaziba watu midomo, wala halimgusi mwenye tovuti binafsi wala wasomaji wake. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania na Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mtu uhuru wa maoni, ila uhuru wa kusema haumlazimishi jirani kutega sikio. Waliolikaribia jambo lenyewe ni wanafikra, si watunga sheria. Mwaka 1859 Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake On Liberty, alionya kwamba jamii yenyewe, bila polisi wala mahakama, inaweza kumkandamiza mwenye maoni tofauti kwa namna inayopenya ndani ya maisha yake kuliko adhabu nyingi za serikali. Mwaka 1974 mtafiti wa Ujerumani, Elisabeth Noelle-Neumann, aliieleza hali hiyo kwa nadharia inayoweza kuitwa msokoto wa ukimya: mtu huogopa kutengwa, hivyo hupima upepo kabla ya kunena; akijiona yumo katika wachache hunyamaza, na kunyamaza kwake huwafanya wachache hao waonekane wachache zaidi, mpaka maoni yanayoshikiliwa na watu wengi kimyakimya yakaonekana kama hayana mwenyewe. Mill na Noelle-Neumann waliandika juu ya jamii ambayo kila mtu aliukisia upepo kwa hisia zake tu. Tovuti ziliupa upepo huo namba, zikaiandika namba hiyo kando ya kila neno linalosemwa.

Mijadala ya umma ya kompyuta ilitangulia wavuti kwa zaidi ya miaka 10. Usenet, mtandao wa vikundi vya mijadala uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke katika jimbo la North Carolina, ulianza kazi mwaka 1980, nao haukuwa na mwenyewe mmoja: andiko lililotumwa kwenye seva moja lilisambazwa kwa seva nyingine zote zilizokubali kulibeba. Kwa kuwa hapakuwa na wa kumwomba alifute andiko baya, wasomaji walijitafutia kinga yao wenyewe. Katika programu ya kusomea iliyoitwa rn, ambayo Larry Wall aliitoa mwaka 1984, msomaji aliweza kuandika kwenye faili maalumu majina ya watu au mada asizotaka kuziona, na tangu hapo maandiko hayo hayakujitokeza tena kwenye skrini yake. Jina la faili hilo lilikuwa na ukali, kwani liliitwa faili la kuua, ila kazi yake ilikuwa ya upole kuliko chombo chochote kilichokuja baadaye: lilimziba sikio aliyelitaka peke yake. Msemaji aliendelea kusema, na wote waliotaka kumsikia waliendelea kumsikia. Kila msomaji alibeba mwenyewe gharama ya uamuzi wake wa kutosikiliza, wala hakumwamulia mwingine.

Mpango huo ulitosha maadamu watu walikuwa wachache na wengi wao wametoka vyuoni. Katika miaka ya 1993 na 1994 kampuni za kibiashara zilianza kuwafungulia wateja wao milango ya Usenet, na Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona walitawanya tangazo lao la biashara kwenye maelfu ya vikundi kwa mara moja, tukio ambalo huhesabiwa kuwa mwanzo wa matangazo taka kwa kiwango kikubwa. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba msomaji mmoja mmoja hawezi kuizuia gharika kwa ndoo yake. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wa MIT, wakiwemo Paul Resnick na John Riedl, walitangaza mfumo wa GroupLens, ambao msomaji wake aliyapa maandiko ya Usenet alama kuanzia 1 hadi 5, na kompyuta ikamkisia kila mmoja yapi atayapenda kwa kumlinganisha na watu ambao alama zao za nyuma zilifanana na zake. Wazo la kukusanya hukumu za wengi ili kuongoza macho ya mmoja lilikuwa limezaliwa, ingawa kila msomaji bado alipata orodha yake mwenyewe.

Hatua ya kuzikusanya hukumu hizo katika namba moja inayowahusu wote ilichukuliwa kwa uangalifu mkubwa zaidi kwenye tovuti ya Slashdot, na inafaa kuitazama kwa karibu, kwa sababu mengi yaliyosahauliwa baadaye yalikuwa yamefikiriwa huko. Slashdot ilianzishwa Septemba 1997 na Rob Malda, mwanafunzi wa Chuo cha Hope katika mji wa Holland, Michigan, ikawa jukwaa la habari za kompyuta na programu huria. Mwanzoni Malda aliyachuja maoni kwa mkono wake. Wasomaji walipoongezeka alichagua wasaidizi 25, na hao walipozidiwa akawaongeza hadi 400. Hatimaye, mwaka 1999, kazi hiyo ikakabidhiwa kwa watumiaji wote waliojisajili, kwa zamu na kwa masharti.

Masharti hayo ndiyo yaliyoipa Slashdot heshima yake. Msomaji aliyepangiwa zamu alipewa alama 5 tu za kutumia, nazo zilikwisha muda wake baada ya siku 3, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuufanya ushushaji kuwa kazi ya kila siku. Hakuruhusiwa kutoa alama katika mjadala ambao yeye mwenyewe amechangia, kama vile mwamuzi wa mpira asivyoweza kuichezea timu mojawapo. Aliyeshusha alilazimika kuchagua sababu kutoka katika orodha: kwamba andiko liko nje ya mada, kwamba ni la uchokozi, kwamba linatia petroli kwenye moto, au kwamba limepewa sifa kupita thamani yake. Katika orodha hiyo haikuwamo sababu ya kwamba mshushaji hakubaliani na mwandishi. Juu ya hayo, ukawekwa uamuzi wa pili, ambapo watumiaji wengine waliletewa alama zilizotolewa na wenzao waseme kama zilikuwa za haki. Maoni yalipimwa kuanzia −1 hadi 5. Asiyejitaja jina alianzia 0, na aliyejisajili alianzia 1. Andiko lililoshuka hadi −1 halikufutwa: kila msomaji aliweka mwenyewe kiwango cha chini cha anachotaka kuona, na aliyeweka −1 aliyasoma yote, mabovu na mazuri, kama yalivyoandikwa.

Hata hivyo, chombo hicho kilichotengenezwa kwa makini kilikuwa na ufa. Cliff Lampe na Paul Resnick, walioichunguza Slashdot na kutangaza matokeo yao mwaka 2004, waligundua kwamba jamii hiyo kwa kawaida ilifikia makubaliano ya haki juu ya kipi kizuri na kipi kibaya, lakini maoni yaliyochelewa kuingia, yaliyofichika ndani ya majibu ya majibu, au yaliyoanzia alama ya chini, hayakupata macho ya kutosha ya kuyahukumu. Ufa huu haukutokana na ubaya wa mtu yeyote. Kisichoonekana hakihukumiwi, na kilichohukumiwa kimakosa mapema hakionekani ili kirekebishwe. Yeyote anayedai kwamba soko la maoni hujisafisha lenyewe anapaswa kulijibu jambo hili kwanza.

Wakati Slashdot ikijaribu mpango wake, sheria ya Marekani ilikuwa imekwisha kuwapa wenye tovuti mkono huru. Mwaka 1995 mahakama moja ya New York iliamua kwamba kampuni ya Prodigy, kwa kuwa ilikuwa ikichuja maandiko ya wateja wake, iwajibike kwa yale iliyoyaacha kama anavyowajibika mhariri wa gazeti. Maana yake ilikuwa kwamba asiyechuja yuko salama kuliko anayechuja. Bunge likajibu mwaka 1996 kwa kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano, kinachosema kwamba mwenye tovuti hahesabiwi kuwa mchapishaji wa maneno ya wengine, wala hashtakiwi kwa kuyaondoa kwa nia njema yale anayoyaona hayafai. Bila kifungu hicho ni vigumu kufikiri kwamba kampuni yoyote ingethubutu kuwakabidhi wageni mamilioni uwezo wa kupandisha na kushusha.

Kizazi kilichofuata kiliyaacha masharti ya Slashdot na kubaki na mishale. Reddit, iliyoanzishwa Juni 2005 na Steve Huffman na Alexis Ohanian, waliokuwa wametoka tu Chuo Kikuu cha Virginia, ilimpa kila aliyejisajili kura zisizo na kikomo, bila zamu na bila kutaja sababu. Mshale wa juu ulipandisha, wa chini ulishusha, na andiko lililoanguka chini ya sifuri kwa alama chache lilikunjwa, likabaki mstari mmoja ambao anayetaka kuusoma sharti aufungue. Badala ya kanuni zilizofumwa ndani ya programu, Reddit iliweka adabu iliyoandikwa: watumiaji waliombwa kwamba kura ya kushusha iwe kwa andiko lisiloongeza kitu katika mjadala, si kwa andiko wasilokubaliana nalo. Ombi hilo limeandikwa waziwazi kwa miaka mingi, na limepuuzwa kwa muda huohuo, kwani kidole kinachoelekea kwenye mshale hakiulizwi kina sababu gani.

Paul Graham, aliyekuwa miongoni mwa waliotoa mtaji wa kwanza wa Reddit, alilikabili suala hilo kwa ukweli zaidi. Alipoanzisha jukwaa lake la Hacker News mwaka 2007, aliwapa uwezo wa kushusha wale tu waliokwisha kukusanya alama za kutosha kwa michango yao, na mwaka 2008 aliandika kwamba haoni vibaya watu kutumia mishale kuonyesha kukubali na kutokubali. Kwa maneno mengine, alikiri kwamba kura ni zomeo. Ila katika jukwaa hilohilo maoni yanayoshushwa hufifia, maandishi yakawa ya kijivu kinachozidi kukaribia rangi ya ukurasa, na hivyo kutokubali kwa wenzake kunamfanya mwandishi asisomeke. Graham alikuwa sahihi juu ya maana ya kura, na hapohapo akaiacha kura hiyo iendelee kufanya kazi isiyoendana na maana hiyo. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu iliyofunguliwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, ilitumia dawa nyingine: anayelishusha jibu la mwenzake hukatwa alama 1 ya sifa yake mwenyewe, naye aliyeshushwa hukatwa 2, ili mtu asizomee bure.

Walikuwako pia walioona kwamba tatizo liko katika hesabu. Oktoba 2009 Randall Munroe, mchoraji wa katuni za xkcd, aliwaelezea watumiaji wa Reddit mpangilio mpya wa maoni uliotumia kanuni ya mtakwimu Edwin Wilson ya mwaka 1927. Mpangilio wa zamani ulitoa tu kura za kushusha katika zile za kupandisha, hivyo maoni yaliyowahi kuingia yalikusanya kura nyingi kwa sababu ya kuwahi, yakakaa juu, na kwa kukaa juu yakakusanya nyingi zaidi. Kanuni ya Wilson huzichukulia kura zilizokwisha kupigwa kama sampuli ya kura za wasomaji wote, kisha huuliza ni kiwango gani cha chini cha sifa ambacho andiko lina hakika ya kukifikia. Andiko lenye kura 10 za kupandisha na 1 ya kushusha laweza kwa njia hiyo kulipita lenye 40 za kupandisha na 20 za kushusha. Ulikuwa urekebishaji wa haki kwa waliochelewa. Kwa wenye maoni ya wachache haukubadilisha kitu, maana hesabu nzuri ya zomeo la wengi inabaki kuwa zomeo la wengi.

Uwezo wa kura hizi, kwa wema na kwa ubaya, ulionekana kwa ukamilifu katika tovuti ya Digg, iliyofunguliwa San Francisco Desemba 2004 na Kevin Rose pamoja na wenzake. Huko msomaji aliyependa habari aliichimbua na asiyeipenda aliizika, na maneno hayo mawili yalieleza hasa kilichotokea: habari iliyochimbuliwa ilipanda hadi ukurasa wa mbele, na iliyozikwa ilitoweka, wala majina ya wazikaji hayakutajwa. Tarehe 1 Mei 2007 uongozi wa Digg, ukiwa umepokea barua ya wanasheria wa kampuni zilizolinda filamu za HD DVD, ulianza kuziondoa habari zilizotaja ufunguo wa siri wa ulinzi huo, ambao haukuwa zaidi ya mfuatano wa namba na herufi. Watumiaji walijibu kwa kuuandika ufunguo huo katika kila habari na kila maoni, wakipandisha yote yaliyoutaja, mpaka ukurasa wa mbele ukajaa kitu hicho kimoja. Kufikia usiku Rose alisalimu amri, akatangaza kwamba kampuni haitafuta tena, hata kama msimamo huo ungeigharimu uhai wake. Siku hiyo kura ilikuwa silaha ya walio wengi dhidi ya mwenye ukumbi, na ilishinda.

Miaka mitatu baadaye silaha hiyohiyo ilishikwa na mikono mingine. Agosti 2010 ilifichuliwa kwamba kikundi cha watumiaji wa mrengo wa kihafidhina, kilichojiita Digg Patriots, kilikuwa kikipeana taarifa pembeni, kupitia orodha ya barua pepe, juu ya habari za wapinzani wao wa kisiasa zinazopanda, ili wanachama waende pamoja kuzizika kabla hazijafika ukurasa wa mbele. Wasomaji wa kawaida waliona habari imeshuka, wakadhani umma umeikataa. Udanganyifu wa namna hii una umri mrefu kuliko umeme. Katika Athene ya kale wananchi walikuwa na kura ya kumhamisha mtu kwa miaka 10, ambapo kila mpigaji aliandika jina la anayemkataa kwenye kigae cha chungu, na kura hizo zilipaswa kufika 6,000. Mwaka 1937 mwanaakiolojia Oscar Broneer alikuta, katika kisima kilichoko upande wa kaskazini wa mlima wa Akropoli, vigae vipatavyo 190 vyenye jina la Themistokle, yule aliyeiokoa Athene kwa vita vya majini dhidi ya Waajemi. Na mwandiko ulipochunguzwa, ulionekana kuwa wa mikono 14 tu. Kuna watu waliokaa chini wakayaandika mapema majina hayo, tayari kugawiwa kwa wapiga kura. Mkononi mwa aliyekipokea, kila kigae kilikuwa kura halali ya mwananchi huru. Ni rundo lake ndilo linalosimulia habari nyingine. Digg yenyewe ilitoa toleo jipya mwishoni mwa Agosti 2010, kitufe cha kuzikia kikiwa kimeondolewa, na kwa sababu hiyo na nyinginezo watumiaji wake walihamia Reddit kwa makundi.

Wanasayansi walikuja kuupima mvuto wa kura hizi baada ya miaka mingi ya matumizi. Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walitangaza katika jarida la Science mwaka 2013 jaribio la miezi 5 lililohusu maoni 101,281 ya tovuti moja ya habari, ambapo baadhi ya maoni yalipewa kwa bahati nasibu kura moja ya kupandisha au moja ya kushusha mara tu yalipoandikwa. Kura moja ya uongo ya kupandisha iliinua alama ya mwisho kwa wastani wa asilimia 25, ila kura ya kushusha ilisahihishwa na wasomaji waliofuata, waliolionea huruma andiko lililoonewa. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini hayapaswi kupewa uzito kuliko yanavyostahili, kwa kuwa msomaji alimwonea huruma aliyemwona. Utafiti wa Justin Cheng na wenzake wa mwaka 2014, uliochunguza sehemu za maoni za CNN, Breitbart, IGN na allkpop, uligundua upande mwingine wa jambo: aliyeshushwa hakuondoka wala hakujirekebisha, bali aliandika zaidi, kwa ubora wa chini zaidi, na yeye akaanza kuwashusha wengine. Kura iliyowekwa ili kuusafisha mjadala ilikuwa inauchafua.

Kwamba zomeo na ficho si lazima viende pamoja, ushahidi bora unapatikana Taiwan. PTT, jukwaa lililoanzishwa mwaka 1995 na Ethan Tu, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan, limeendelea kwa miongo kadhaa kutumia skrini nyeusi ya maandishi matupu, bila picha, likiendeshwa bila faida na kutegemewa na waandishi wa habari wa kisiwa hicho kama kipimo cha mazungumzo ya vijana. Anayetaka kulijibu andiko huchagua alama mojawapo: ya kusukuma mbele, au ya kuzomea, ambayo herufi yake ya Kichina ndiyo ileile inayoandikwa kwa sauti ya hadhira inayomfukuza mwigizaji jukwaani. Alama hiyo husimama mwanzoni mwa mstari. Baada yake hufuata jina la mtumiaji aliyeitoa, kisha maneno yake. Hivyo mzomeaji wa PTT hajifichi nyuma ya namba, bali husimama na jina lake na sababu yake, japo jina hilo ni la kubuni na sababu yenyewe aghalabu ni fupi. Andiko lililozomewa kupita kiasi hupata alama ya misalaba miwili kando ya kichwa chake, na hubaki palepale lilipokuwa, wazi kwa kila mtu. PTT imewahi kuwa na ugomvi, matusi na kura za kununuliwa, na hakuna anayeiita bustani ya amani. Lakini haikumfanya mtu asisomeke kwa sababu amechukiwa.

Katika Afrika Mashariki swali la uhuru wa maoni mtandaoni lilipitia mlango mwingine, na ni vyema usichanganywe na huu. JamiiForums, jukwaa la Kiswahili lililoanzishwa Tanzania mwaka 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi, lilikua kwa sababu wanachama wake waliweza kuandika kwa majina ya kubuni juu ya mambo ya umma. Desemba 2016 Melo alikamatwa, na miongoni mwa mashtaka yake, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, lilikuwamo la kuzuia upelelezi kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama wake. Na Juni 2018 jukwaa hilo lilifungwa kwa muda kufuatia kanuni mpya za leseni za maudhui ya mtandaoni. Mwaka 2019 Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari ilimtunuku tuzo yake ya kimataifa. Mwandishi aliyeshushwa na wasomaji wenzake hajapatwa na jambo la aina hiyo, na anayelia kwamba mishale ya chini ni udikteta anawapunja waliolala rumande kwa ajili ya maneno ya watu wengine. Hata hivyo, wenye kuogopa polisi na wenye kuogopa zomeo huishia katika tendo moja, nalo ni kunyamaza, na msomaji aliyenyimwa neno hawezi kujua ni hofu ipi iliyolizuia.

Upo pia upande ambao wapinzani wa kura ya kushusha huusahau: mara nyingi zomeo ndilo neno pekee alilo nalo mdogo mbele ya mkubwa. Novemba 2017 kampuni ya michezo ya kompyuta ya Electronic Arts iliwajibu kwenye Reddit wachezaji waliolalamika kwamba wahusika mashuhuri wa mchezo wa Star Wars Battlefront II hawapatikani ila kwa kucheza saa nyingi mno au kwa kulipa tena, juu ya bei waliyokwisha kulipa. Jibu la kampuni lilieleza kwamba taabu hiyo imekusudiwa kuwapa wachezaji fahari ya mafanikio. Jibu hilo lilishushwa hadi zaidi ya −667,000, likaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness, na kabla mchezo haujaanza kuuzwa rasmi kampuni iliyasimamisha kwa muda malipo ya ndani ya mchezo. Hapa zomeo lilifanya kazi kwa sababu kila mtu aliona namba yake, na jibu lenyewe lilisambazwa kila mahali, likasomwa na watu wengi kuliko maandiko yaliyosifiwa. Hakuna aliyenyamazishwa, wengi walisikika.

Ni uwezo huo wa kusikika ndio uliopunguzwa mwisho. YouTube iliacha alama za nyota mwaka 2010, baada ya kugundua kwamba karibu kila mtoa alama alitoa nyota 5, ikaweka dole gumba la juu na la chini, na idadi za yote mawili zikaonekana kwa umma. Video ya kufunga mwaka ambayo kampuni yenyewe iliitoa Desemba 2018 ilipata, ndani ya takriban wiki moja, madole ya chini zaidi ya milioni 10, ikawa iliyokataliwa kuliko zote katika tovuti hiyo. Tarehe 10 Novemba 2021 YouTube ilitangaza kwamba idadi ya madole ya chini haitaonyeshwa tena kwa watazamaji, kwa maelezo kwamba majaribio yake yalionyesha idadi ikifichwa mashambulizi dhidi ya watengenezaji wa video, hasa walio wadogo, hupungua. Sababu hiyo haikuwa ya uongo, maana kuna watu walioshambuliwa kwa makundi bila kosa. Lakini dawa iliyotolewa iliwafunika kwa blanketi moja mtoto anayejifunza kuimba, tapeli anayeuza dawa bandia, serikali na kampuni kubwa. Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi watatu wa YouTube na mtu aliyepakia video ya kwanza ya tovuti hiyo Aprili 2005, aliyabadilisha mwezi huohuo maelezo yaliyoko chini ya video hiyo ili kupinga uamuzi huo, akitetea haja ya watazamaji kutambua kwa wepesi kilicho kibaya.

Maoni yaliyokunjwa kwenye Reddit na idadi iliyofichwa na YouTube ni jeraha moja, japo la kwanza humpata msemaji mmoja na la pili huwapata wazomeaji milioni: katika yote mawili mtu amesema, na neno lake limewekwa pasipoonekana na mkono usio wake. Dole gumba la chini bado liko kwenye video za YouTube. Anayelibonyeza huhesabiwa, na jumla ya hesabu hiyo huonyeshwa mwenye video peke yake.